Mwalimu Aliyefunga Josho

Alikuwa analamba penseli kabla ya kuandika. Kila namba. Analamba, anaandika, analamba tena, mpaka mwisho wa kazi ulimi una doa jeusi katikati na midomo inang'aa mate. Kisha penseli hiyo hiyo anakupa wewe uendelee. Niliipokea karibu mwaka mzima, nikaipangusa kwenye sketi, nikaandika. Mtu akiniuliza habari za Mwalimu naanzia hapo, kwa sababu kinyaa changu kwake kilianzia hapo, kabla sijapata sababu ya maana.

Sote tulimwita Mwalimu. Alifundisha mitambo katika chuo kimoja cha ufundi mjini Nakuru, na mimi nilikuwa fundi wa maabara wake mwaka wa 2007, mpaka mwanzoni mwa 2008. Nilikuwa kibarua tu. Kuandikwa kazi ya kudumu kulitegemea barua yake, naye alijua kwamba nalijua hilo, na hatukuwahi kulitaja. Kabla ya kufundisha aliwahi kufanya kazi Olkaria kwenye visima vya mvuke, na alipenda kuwadharau wenzake aliowaacha kule. Alisema mvuke unatoka ardhini wenyewe, hata ng'ombe angeusimamia. Yeye alitaka kitu kinachobishana na mtu.

Kitu hicho kilikuwa wimbi la bahari. Nakuru haina bahari. Ina ziwa la magadi lenye flamingo, na hilo lenyewe liko ndani ya mbuga, ukitaka kuchovya mguu utaulizwa na askari. Lakini Mwalimu alikuwa ameishi na mawimbi kichwani miaka mingi, na saa nne, chai ikiletwa, alitueleza tena kama vile hatujawahi kusikia. Alichukua slesi ya mkate, akailaza juu ya chai kwenye kikombe chake kikubwa cha bati, akapuliza. Upande wa kupulizia chai ilicheza. Nyuma ya mkate ilitulia.

"Mnaona? Hiyo ni breakwater, ukuta wa kuvunja wimbi," alisema. "Huko bandarini wanarundika mawe, bahari inayapiga mawe usiku na mchana, na ile nguvu yote inapotea bure. Mimi ukuta wangu unaelea. Na kila kofi unalopigwa, unatoa stima, umeme."

Kisha aliinua ule mkate uliolowa na kuuingiza wote mdomoni, chai ikimchuruzika mpaka kwenye kola. Wenzangu walikuwa wanageuza viti. Lakini nitamtendea haki: wazo lilikuwa zuri, na alilijua mpaka kwenye mizizi. Shida yake ilikuwa moja, naye ndiye aliyenifundisha kuiona. Ukuta ukifungwa kwa nanga ukakazwa, unazuia wimbi lakini hauchezi, kwa hiyo hautoi stima. Ukilegezwa, unacheza vizuri, stima inakuja, na wimbi linapita chini yake kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Mwalimu alitaka vyote viwili kwa kamba moja. Alitafuta ule urefu wa kamba kama watu wengine wanavyotafuta mke.

Mfano wake ulikuwa wa mitungi ya mafuta ya kupikia, ile ya lita tano, kumi na miwili, imefungwa miwili miwili kwa bawaba. Maji yakipanda, bawaba inakunjika, inasukuma pampu ya baiskeli, hewa inazungusha feni ndogo, feni inazungusha dainamo, na balbu ya tochi inawaka. Niliiunganisha mwenyewe kwa mikono yangu. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuijaribia: mfereji mrefu, mwembamba, wenye kina, ambao upande mmoja unaweza kutengeneza mawimbi na upande wa pili yafie bila kurudi nyuma. Chuo hakikuwa nao.

Mimi ndiye niliyemwambia kwamba nyumbani tunao.

Kwetu ni upande wa Bahati, na wakulima wa kijiji chetu walikuwa na josho la ng'ombe, au dip, walilolijenga wenyewe. Asiyelijua nitamweleza: ni shimo la saruji, refu, jembamba kiasi cha ng'ombe mmoja. Ng'ombe anaruka ndani upande wenye kina, anazama kwenye maji ya dawa mpaka pembe, anaogelea, halafu anapanda ngazi za upande wa pili akitoka na kupe wake wamekufa. Mwalimu alipoliona alivua viatu, akashuka mpaka magotini ndani ya tope la dawa kuukuu na mavi, akapapasa kuta kwa viganja kama daktari anayepapasa tumbo. Alipotoka alisuuza mikono kwenye tope lile lile, akatoa ndizi mfukoni, akaimenya, akala. Mama yangu alikuwa amesimama karibu yangu. Alinitazama mimi, kisha ile ndizi.

Ilikuwa Februari. Kamati ya josho ilikaa chini ya paa la mabati la pale joshoni kumsikiliza. Kikao kilikuwa na wazee saba, mama yangu, na yule mzee aliyelitunza josho tangu siku lilipochimbwa, ambaye kazi yake ilikuwa kupima dawa na kuwasukuma ng'ombe waoga. Mwalimu aliomba josho kwa muda mfupi. Litakaushwa, litajazwa maji matupu, naye atalirudisha limesafishwa kabla ya mvua ya Aprili, kwa sababu mvua ikianza kupe wanazaana. Alisema kwa Kiswahili na Kiingereza, na mimi niliwageuzia wazee kwa lugha ya nyumbani.

"Hii kitu tunajaribu hapa, mkitupatia nafasi, itatoa stima," alisema.

Nikageuza. Mmoja wa wazee akaniuliza, "Hiyo stima itafika kwetu?"

Hatukuwa na stima. Nguzo ziliishia barabarani, kwenye duka la mwisho. Mwalimu aliona wazee wameinua nyuso, na ninaamini alielewa walichouliza, maana swali hilo ukiliona usoni halihitaji kamusi. Hakuniuliza. Aliangalia kucha zake. Nami nikajibu mwenyewe, "Tunaanzia hapa."

Walipiga makofi. Mzee wa josho alimkabidhi Mwalimu ufunguo wa geti la josho, na Mwalimu, kwa kuwa hakuamini kufuli la watu, alitia lake jipya.

Darasani alikuwa moto. Mwanafunzi akikadiria kipimo badala ya kukisoma, alimrudisha mwanzo, hata kama wengine wameshaenda nyumbani. Nilimwona akimpasulia kijana mmoja daftari zima kwa sababu namba zake zilikuwa zimepangika vizuri mno. "Maji hayana adabu hivyo," alimwambia. "Umezitoa wapi hizi? Kwa kichwa?" Kijana alilia. Nilimwogopa Mwalimu siku hiyo, na nilimheshimu. Nimesema niseme yote, basi na hilo liandikwe: kwa muda fulani nilidhani nafanya kazi chini ya mtu msafi, ukiacha mate.

Pale joshoni kazi yangu ilikuwa kusukuma mlango. Tulitundika mlango wa mbao upande ule ng'ombe anaporukia, nao nikiusukuma na kuuvuta kwa kuhesabu, unatengeneza wimbi. Mitungi ilielea katikati. Kule mwisho, kwenye ngazi za kutokea, Mwalimu alikuwa ameweka ufito wenye alama za kupimia maji yaliyopita. Nasukuma mara ishirini, naweka mlango, nakimbia kwenye ufito, naandika. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Balbu iliwaka, na ufito ulionyesha maji yametulia kama ya kwenye beseni. Alilegeza kamba, balbu ikawaka zaidi, na ufito bado ukaonyesha utulivu. Vyote viwili kwa kamba moja. Mwalimu alicheza ngoma peke yake juu ya saruji ile, soksi zimelowa, na mimi nilicheka kwa furaha.

Mzee wa josho alikuwa anatutazama kila siku, amekalia ndoo. Siku moja mwanzoni mwa Aprili aliniuliza, taratibu kabisa, "Mbona mnapima huko kwa ngazi?"

"Kwa nini tusipime hapo?"

"Hapo maji hufa yenyewe, mwanangu. Tulichonga hizo ngazi hivyo makusudi. Ng'ombe akiruka dawa inarushwa, sasa tukaweka hizo ngazi na hayo mabega ya ukuta, maji yakifika hapo yanavunjika, yanarudi chini. Dawa haimwagiki. Hata utoe hiyo mitungi yenu."

Mwalimu alikuwa amekwenda barabarani kununua sigara. Nilitoa mitungi. Nikasukuma mlango mara ishirini, nikakimbia kwenye ufito. Maji yalikuwa yametulia vile vile. Nikauhamisha ufito, nikausimika nyuma tu ya pale mitungi inapoelea, nikairudisha mitungi, nikasukuma. Wimbi lilipita chini yake lote. Ukuta wake ulikuwa hauzuii kitu. Kazi yote ya kuzuia ilikuwa ya wale wazee saba na patasi zao.

Aliporudi nilimwambia. Nilimwonyesha. Aliwasha sigara, na naapa niliona kwamba alikuwa ameshajua. Labda hakujua siku ya kwanza. Lakini hakushtuka, na mtu anayesikia habari mpya hushtuka.

"Hiyo usiandike," alisema.

"Lakini Mwalimu, si wewe husema—"

"Nimesema usiandike. Hiyo ni test ya ngazi, si test ya kifaa. Tutarudia zote vizuri, tutaweka hiyo stick katikati. Wapatie hawa wazee lugha nzuri, waambie wiki mbili tu zimeongezeka."

Alinyoosha mkono akanipa penseli. Niliipokea, ikiwa bado imelowa. Sikuandika. Na wazee niliwaambia, wiki mbili.

Hatukurudia kitu. Alikuwa ameshaandika barua kwa watu wa ng'ambo, wageni walikuwa wanakuja kuona, na josho lilipaswa kubaki hivyo hivyo mpaka waone. Mvua ilianza. Wakulima waliazimana bomba moja la mgongoni, wakawa wananyunyizia ng'ombe dawa kwa zamu, na bomba moja kwa kijiji kizima ni mzaha. Hakuna aliyevunja kufuli. Watu wa mjini huniuliza kwa nini, na mimi nasikia uchungu kila mara kwa sababu jibu ni jepesi: walikuwa wanangoja stima. Mzee mmoja alikuwa amekwishachimba shimo la nguzo mbele ya nyumba yake.

Kuhusu ukarimu wake nitasema hapa, ingawa inaniuma. Januari ya 2008, mji ulipowaka baada ya uchaguzi na majirani wakawa wanakimbiana, Mwalimu alifungua geti lake kule Milimani, akaingiza familia mbili zilizokuwa zinawindwa na watu wa kabila lake mwenyewe. Alizilisha zaidi ya mwezi. Vijana walikuja getini na panga, akatoka na fulana na malapa, akawaambia kama wanaingia waanze na yeye. Hilo ni kweli, nimelisikia kwa mmoja wa waliofichwa. Na ni kweli pia kwamba wiki hiyo hiyo alinipigia simu. Kwetu nyumba za jirani zilikuwa zimechomwa, watu walikuwa wamelala mahindini. Simu ilikuwa na mawimbi mabaya, nilitoka nje nimsikie. Hakuuliza kama tuko hai. Aliuliza kama mitungi iko salama. Nimejaribu mara nyingi kuwaweka watu hao wawili ndani ya shati moja, nimeshindwa.

Nirudi kwenye mwaka ule wa mvua, 2007. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, anaitwa Njoki, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, mkaidi, anayempiga teke kila mtu ila mama. Maziwa ya Njoki ndiyo yaliyonisomesha mimi, na wakati huo yalikuwa yanamsomesha mdogo wangu. Mwezi wa Juni alivimba tezi chini ya sikio. Daktari wa mifugo alikuja, akamshika tezi, akamfunua jicho, akasema ndigana, ugonjwa wa kupe. Akamchoma sindano na kuuliza, "Hamna dip huku?"

Mama alikuwa amemshika Njoki kichwa. Mimi nilikuwepo, nimekuja kwa siku mbili. Njoki alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima, povu linamtoka puani, na mama alikuwa analipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa. Njoki alikufa Alhamisi.

Jumatatu yake wageni walifika. Walikuwa watatu, wamevaa viatu vizuri, na Mwalimu aliomba nyumbani kwetu pawe ndipo mahali pa chai, kwa kuwa ni karibu. Kwanza walionyeshwa josho. Nilisukuma mlango. Balbu iliwaka, ufito ukatulia, wageni wakapiga picha. Mwalimu aliwaeleza habari za bandari, Mombasa na kwingine, stima na ukuta kwa pamoja, na aliongea vizuri sana, hata mimi niliyejua nilitamani iwe kweli. Mzee wa josho alikuwa pale na ndoo yake. Alinitazama mimi, akainuka, akaondoka.

Kisha tukapanda kwa mama. Alikuwa amepika viazi na kuweka vikombe vya wageni. Alimimina chai, nayo ilikuwa ya rangi, nyeusi. Mwalimu alichungulia kikombe, akasema mbele ya wote, huku akicheka ili wageni wacheke naye, "Aii, Mama! Strungi kwa wageni? Kwani ng'ombe wamegoma?"

Mama alisema, "Alikufa, Mwalimu."

"Pole, pole sana," alisema. Akachukua kiazi, akachovya kwenye ile chai, akaendelea na habari za mawimbi. Wageni hawakuelewa. Mimi nilielewa, nilikuwa nimeshika birika, na sikummwagia mtu. Mpaka leo najitazama pale nimesimama na lile birika.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Aprili ya 2008. Njia zilikuwa zimetulia, chuo kilikuwa kimefunguliwa, na mvua nyingine ilikuwa inanukia. Kufuli bado lilikuwa joshoni. Nilikwenda kwake Milimani Jumapili asubuhi, nikapita kwenye ua wa miiba ya kayaba, nikamkuta sebuleni na masanduku mawili wazi. Alikuwa anasafiri. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimempa nafasi, huko wana bahari yao nyuma ya jengo. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, akanishika mabega.

"Msichana wangu! Kuja uone." Alinipa kijitabu kilichofungwa vizuri. Ndani kulikuwa na michoro ya mitungi yangu, na namba zote za ufito, zile za ngazini. Chini yake: vipimo vilichukuliwa na, halafu jina langu kamili, limeandikwa bila kosa hata moja.

"Barua yako ya kazi pia nimeandika," alisema. "Iko kwa principal."

"Nimekuja kuchukua ufunguo, Mwalimu."

"Ufunguo gani?"

"Wa dip."

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mtoto wa mtu mwingine. "Bado wamefunga? Si wangevunja tu? Ile ni kufuli ndogo."

"Wanangoja stima."

"Stima gani?"

"Ile uliwaambia. Njoo tuende Jumamosi, Mwalimu. Uwaambie haikuwa yao, na ukuta haukufanya kazi. Dakika tano tu, halafu usafiri."

Alifungua mtoto wa meza, akatafuta kati ya betri na risiti, akapata ufunguo, akaniwekea kiganjani. Hakuwa na hasira. Aliongea kwa upole, kama anamsahihisha mwanafunzi aliyekaribia kupata jibu.

"Mimi niliongea Kiswahili na Kiingereza. Nilisema itatoa stima, na ilitoa, uliona balbu. Sikusema inaenda kwao. Hawa wazee waliambiwa na wewe."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, kutoka stendi mpaka kwenye ua ule, na nilikuwa na maneno ya kumtukana mpaka jioni. Nilifumba tu ufunguo mkononi. Alinisindikiza getini, akanipungia mkono.

Jumamosi kamati ilikaa chini ya mabati. Niliwaambia mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, habari ya stima na habari ya ngazi. Walisikiliza wote. Yule aliyechimba shimo la nguzo alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ulijua lini kwamba haiji?" mzee wa josho aliniuliza.

"Siku ile ile mliyouliza."

Hakuna aliyenitukana. Walifungua kufuli, wakaitoa mitungi na kuitupa kando, wakavua viatu kuanza kutoa tope, maana dawa mpya ilikuwa inakuja wiki hiyo. Mama, asiye na ng'ombe wa kuogesha, ndiye aliyeshuka wa kwanza. Walijipanga mstari, ndoo zikawa zinapanda kutoka mkono hadi mkono. Nilivua viatu, nikaingia kwenye mstari karibu naye, nikanyoosha mikono. Mama alijaza ndoo, akainuka, akaipitisha mbele yangu, akampa aliyesimama baada yangu.